Tulivyoandikwa Sisi wa SS

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na moja, nilipakiwa juu ya magunia ya samaki wakavu kwenye lori pale Kilwa, ile ya Kongo kando ya ziwa Mweru, nikaletwa Lubumbashi kufa au kupona. Ndivyo alivyosema mjomba wangu mbele ya mama, bila kuzungusha maneno: "Uyu nabeba. Kama ni kufa, akufe kwenye kuko banganga." Banganga aliowasema ni madaktari wa mjini. Ndugu zangu wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa huohuo, ambao kule ziwani hakuna aliyejua jina lake, na mama hakuwa tena na nguvu ya kubishana na mtu.

Leo nina miaka sitini na kitu. Wale waliosema sitafika umri wa kuolewa, wengi nimekaa kwenye vilio vyao na ugali wa matanga yao nimekula.

Mimi ni mgonjwa wa selimundu. Huku kwetu hatuuiti hivyo, tunasema SS, herufi mbili za Kifaransa, basi. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu ya mifupa, si kwa sababu ya ujinga, kwa hiyo usitegemee nikufundishe damu inafanya nini ndani ya mishipa. Hiyo kamuulize daktari. Mimi nitakuambia habari ya kungoja na habari ya kuandikwa. Hapa mtaani Katuba kuna kina mama wanaokataa watoto wao waandikwe kwenye daftari jipya la wagonjwa wa SS. Wanasema majina yanauzwa Ulaya. Wanasema ukimtaja mtoto aliyekufa unamwonyesha aliye hai njia ya kumfuata. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja mlangoni kwangu. Wasome hapa.

Kwetu, watu wa ziwa Mweru, kaka wa mama tunamwita Yama, na mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anazaa, anapenda, analisha, lakini mwenye mtoto ni Yama. Kwa hiyo Yama wangu, jina lake Mulenga, aliponipeleka kwenye ofisi ya wafanyakazi ya Kampuni ya shaba alikokuwa akifanya kazi, na karani akamuuliza kama huyu ni mtoto wake, alijibu: "Njo mutoto yangu." Njo ni ndiye, na hakudanganya. Mpaka anaingia kaburini alikuwa tayari kuapa kwa jambo hilo. Nikaandikwa kwenye kadi yake pamoja na watoto wake, na kwenye kadi ndiko kulikokuwa na kila kitu: posho ya unga na maharage, nyumba ya kambi, na kitanda hospitalini ukiugua. Asiye kwenye kadi hakuwa na chochote cha Kampuni.

Mke wake, Mama Ngalula, alikuwa mtu wa Kasai. Kwao mtoto ni wa baba. Siku nilipofika alinitazama nilivyolala kwenye mkeka, akasema: "Mulenga, uyu mutoto eko na baba yake. Eko muzima, anavua samaki. Sasa weye uko baba ya nani?"

"Miye niko Yama yake."

"Yama haiko ku karte. Ku karte banaandika baba."

"Weye unajua karte kuliko miye mwenye kufanya kazi?"

"Najua kusoma," akasema, na hapo Yama alitoka nje, maana yeye hakujua.

Lakini asubuhi yake yeye ndiye aliyenipashia maji ya moto na kunikanda magoti kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mdomo wake ulikwenda upande mmoja na mikono yake upande mwingine.

Mwili wangu ulikuwa adui anayeishi nami chumba kimoja. Macho yalikuwa ya njano mpaka watoto wa kambini waliniita Macho-ya-Mawese. Tumbo lilikuwa kubwa, miguu kama vijiti vya mahindi. Wasichana wa rika langu waliota matiti, wakaanza kujifunga vitambaa vizuri na kutembea polepole mbele ya wavulana, mimi nikabaki ubao. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto nilikuwa na kidonda kilichokataa kufunga misimu mitatu ya mvua.

Na maumivu yalipokuja, hayakuja kwa adabu. Ulikuwa unaosha sahani, mara mfupa wa paja unasagwa kutoka ndani. Sikuweza kulala, kukaa wala kusimama. Nilitembea kutoka ukutani hadi ukutani nikiuma kitambaa, na watoto wa Yama walitoka nje kwa sababu hawakuweza kunitazama.

Wakati mbaya kuliko wote ulikuwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Wageni hudhani Kongo yote ni joto. Waje wakae kwenye benchi la saruji la hospitali asubuhi ya mwezi wa saba, upepo unapita chini ya mlango, halafu watuambie. Mama mwenye mtoto wa SS, chukua neno hili kwangu hata kama mengine utayaacha: usimkalishe mtoto kwenye saruji baridi. Beba kitenge, kikunje mara nne, na beba maji ya kunywa ya kutosha. Mimi nilijifunza haya kwa nyonga yangu, na nyonga hiyo sikurudishiwa.

Huko hospitalini nilikuwa naitwa tu mgonjwa wa homa ya mifupa. Nilipewa sindano, vidonge, chupa ya maji ya mshipa, mara nyingine damu, kisha nikarudishwa nyumbani. Kila safari daktari alikuwa mwingine, na kila mmoja aliniuliza maswali yaleyale kana kwamba nimezaliwa asubuhi hiyo.

Halafu akaja Daktari Ilunga. Ilikuwa miaka michache baada ya serikali kutuamuru tuache majina ya ubatizo. Alikuwa kijana wa Kasai, amevaa abakosti, ile suti ya enzi zile isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na alikuwa na wazo ambalo wauguzi walilicheka. Alitaka wagonjwa wote wa SS waandikwe kwenye daftari moja, kila familia ukurasa wake, na waje siku moja, Alhamisi, hata kama hawaumwi. Alisema akituona mmoja mmoja hajui kitu, lakini akituona wote pamoja kwa miaka, daftari litaanza kumwambia mambo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupekua karatasi za zamani, na hapo alikutana na uchawi wa serikali. Watu walikuwa wameandikwa Jean na Marie, sasa wanakuja kwa majina ya mababu. Akaniita.

"Chola, unamuyua mutoto moja banamuita Agnès? Alikuwa anakuya hapa na ugonjwa sawa yako, kisha akapotea. Nazani alikufa."

"Agnès nilimuzika miye," nikasema. "Serikali njo ilituma."

Alinitazama, kisha akaelewa, akacheka mpaka akavua miwani. Kwenye karatasi nilikuwa wagonjwa wawili, mmoja amekufa. Kuanzia siku hiyo alimpa kila mtu namba, ili jina likibadilishwa tena yule mtu asipotee.

Nilipenda Alhamisi. Sisemi uongo. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi moja na watu wenye macho kama yangu. Tulikuwa tunachekana. Kulikuwa na jamaa mmoja mrefu aliyesema sisi ni kabila letu wenyewe, tunahitaji chifu. Na vidonge vya kuongeza damu tulipewa wote wa Alhamisi bila kuulizwa kadi, kwa sababu daktari alisema akichagua wenye kadi tu daftari litakuwa na pengo.

Mwaka uliofuata akaanza kupima damu za familia. Alitueleza polepole, kwa Kiswahili, hakutuficha nyuma ya Kifaransa: mtoto wa SS anapokea ugonjwa nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mmoja wao akiwa hana, mtoto hawi SS. Na pale alipo mtoto mmoja, huenda wapo wengine wa tumbo hilo, kwa hiyo watafutwe mapema, kabla homa ya kwanza haijawamaliza. Ndiyo maana ya kuandika familia nzima, alisema. Wagonjwa wanaotutisha kweli ni wale ambao hawajaja.

Yama akatolewa damu. Mama Ngalula akatolewa damu. Watoto wao wote wakatolewa, wakapiga kelele kama mbuzi. Mimi nilikaa pembeni karibu na mlango, kwa sababu nilijua hesabu hiyo haitakubali.

Siku hizohizo dereva wa lori la samaki alinipitia kambini na ujumbe wa mama. Kule Kilwa kulikuwa na mdogo wangu, Mwansa, niliyekuwa sijawahi kumwona, ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Dereva alisema kwa haraka, huku akitafuna mhindi: "Mama yako anasema mikono ya mutoto inavimba, na miguu. Anasema ni sawa nyuki walimuuma. Analia tu."

Dereva akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama barabarani. Mikono kuvimba, miguu kuvimba, kabla ya kutembea: hivyo ndivyo nilivyoanza mimi, na ndivyo walivyoanza wale wawili. Mama alikwisha nieleza.

Jioni nikamwambia Yama. Nikasema Mwansa lazima aandikwe kwa Daktari Ilunga. Yama alikuwa anakula bukari yake, ndio ugali wa huku, hakuinua kichwa.

"Nitamuandikisha sawa nani? Ku ukurasa yangu? Dokta atauliza mama yake ni nani."

"Tumuambie ukweli."

"Ukweli gani? Weye uko mutoto yangu. Ukisema vingine, biro ya Kampuni inasikia, banakutosha ku karte, banaweza nitosha na miye ku kazi. Kisha utaenda kuugulia wapi? Mu soko?"

Kutosha kwetu ni kutoa, na Yama hakuwa anatisha bure. Wakati ule Kampuni ilikuwa inasafisha kadi, na kambini tulikuwa tumeona watu wakitoa vitanda vyao nje. Mama Ngalula alikuwa anasikiliza kutoka jikoni.

Siku zile sikutulia. Niliamka, nikafagia ua uliokwisha fagiwa. Nilikwenda hadi njia ya malori nikarudi bila kununua kitu. Kama ningenyamaza, ningebaki na kitanda changu na Mwansa angekufa mbali, kimya, kama wale wawili. Kama ningesema, labda Mwansa angepona na sisi tungelala nje. Nilikuwa na miaka kumi na saba na hakuna aliyekuwa amenifundisha kupima kitu kama hicho.

Alhamisi tukaitwa wote watatu ndani. Daktari alikuwa amechoka, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Papa Mulenga, damu yako nimeipima mara mbili. Haina kitu. Ya Mama Ngalula haina kitu. Batoto benu, hakuna hata moja. Sasa uyu Chola anatokea wapi?"

Yama akakaza shingo. "Anatokea kwangu."

"Kwako wapi?"

"Mu nyumba yangu. Analala kwa nani? Anakula kwa nani? Uliza kambi yote."

"Siulizi kwenye analala, Papa. Naulizia damu."

"Damu njo yangu! Ya mama yangu, ya dada yangu, ya..." Akaziba mdomo wake kwa kiganja.

Daktari akaanza kusema labda mashine yake imeharibika, labda arudie wote, labda afute ukurasa wetu kwanza. Niliposikia kufuta, nilisimama. Magoti yalikuwa yanauma lakini nilisimama.

"Dokta, usifute. Andika Kilwa. Mama mwenye alinizala eko Kilwa, eko dada ya Yama. Baba yangu naye eko kule. Na kuko mutoto mwingine, mikono yake inavimba."

Yama hakunitazama. Niliona mshipa wa shingo yake ukipiga.

Daktari akacheka. Hakuwa anatudharau, alikuwa mtu aliyetuliwa mzigo. "Miezi yote hii! Nilizani mashine yangu imekufa!" Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti karibu na Yama. "Papa, nisikilize. Posho haiko mu kitabu yangu. Miye sitafuti mwenye kulisha mutoto. Natafuta tumbo. Mwenye kulisha nitaandika pia, hapa chini, jina yako yote. Lakini uyu mudogo, mumulete. Mbio. Karte sitauliza."

Nje ya mlango Yama aliniambia neno moja: "Umenivua." Akatembea mbele peke yake mpaka kambini. Mama Ngalula alimpigia kelele mgongoni: "Na miye nilisema nini siku ya kwanza? Yama haiko ku karte!" Naye akageuka: "Nyamaza! Bakasai bawili munasaidiana, weye na Dokta yako!" Watu wa barabarani wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia, machozi yakinitoka.

Ungedhani tulikuwa tumepona. Daktari alitunza siri yetu vizuri, hata wauguzi wake hawakuisikia. Aliyeitoboa ni Yama mwenyewe.

Yama alikuwa na kiburi. Mtoto wa dada yake kuja mjini kutibiwa kwa huruma ya Mkasai, si kwa jasho la mjomba wake, hakuliweza. Akavaa vizuri, akaenda kwenye ofisi ya wafanyakazi kumwandikisha Mwansa kwenye kadi kama alivyoniandikisha mimi. Mama Ngalula alimfuata ili amzuie, na kisa hiki alikisimulia kila sikukuu mpaka uzee wake.

Karani alimuuliza: "Papa Mulenga, bibi yako alizala wakati gani? Juzi alikamata posho hapa, tumbo sikuona."

"Ni ya dada yangu."

"Ya dada hatuandike."

"Sasa ya kwanza, juu ya nini muliandika?"

"Ya kwanza gani?"

"Chola! Si naye ni ya dada ileile?"

"Nilifunga macho," Mama Ngalula alikuwa anasema. "Nikasema, Mungu wangu, uyu mwanaume anajikamata yeye mwenyewe!"

Walifuta jina langu palepale. Kazi hawakumfukuza, mkubwa wa ofisi alisema ashukuru miaka aliyoimaliza mbele ya tanuru. Lakini posho yangu ilikatwa na kitanda changu hospitalini kilikwisha. Nilibaki na Alhamisi tu. Alhamisi hutoa vidonge na maneno, haitoi kitanda.

Usiku ule Yama hakula. Asubuhi alinikuta uani, akasema, akiangalia ukuta: "Miye nilisema ukweli. Weye ulisema ukweli. Sasa tuko maskini wote." Kisha akanipa koti lake la kazini, lile zito, kwa ajili ya baridi. Hatukuongea tena habari ile.

Ujumbe ulikwisha kwenda Kilwa, na mvua zikaanza. Anayeijua barabara ile wakati wa mvua hahitaji nimwelezee. Malori yanalala kwenye matope mpaka majani yanaota kwenye magurudumu. Kila siku nilikwenda pale yanapoteremshia samaki. Lori lilipofika nililizunguka, nikachungulia juu ya magunia. Wapakuzi walinizoea: "Macho-ya-Mawese, bwana yako hajafika?" Niliwatukana, nikarudi kesho yake. Nilikuwa nikiuliza kila dereva kama ameona njiani mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kila dereva alikuwa ameona mmoja, na hakuna aliyekuwa mama.

Walifika uyoga ulipokuwa umeanza kuuzwa sokoni. Mama aliteremka akiwa na matope mpaka magotini, amekuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilifungua kitenge mgongoni kwake kabla ya kumsalimu. Mwansa alinitazama kwa macho ya njano. Alikuwa hai. Joto lake lilinichoma kiganja.

Alhamisi hiyo Daktari Ilunga alimchoma sindano kwanza, akaandika baadaye. Kisha akamuuliza mama: "Watoto wangapi ulizala?"

"Bawili. Aba," akatuonyesha mimi na Mwansa.

"Na wenye walikufa?"

Mama akatazama mlango. Kwetu mtoto aliyekufa mdogo hatajwi. Ugonjwa wake unaweza kusimuliwa, jina lake halitamkwi hata na aliyemzaa. Nilitaka kujibu kwa niaba yake, nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, sibaite barudi. Nataka kujua tu walipita wapi, ili uyu asipite kule."

Mama alimbembeleza Mwansa mpaka akasinzia mapajani kwake. Kisha akauliza: "Utaandika 'bamekufa' tu? Ao na majina?"

"Na majina."

"Andika Kabwe," mama akasema. "Andika na Bwalya."

Daktari akaandika. Mama, ambaye hakujua herufi hata moja, akamwomba amwonyeshe ni wapi. Akaweka kidole pale. "Beko karibu na bandugu zabo?"

"Ukurasa moja. Kabwe, Bwalya, Chola, Mwansa."

Mama akatoa kidole polepole, kama mtu anayeogopa kufuta wino. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiyatamka majina hayo. Siku hiyo akiwa njiani kurudi nyumbani aliyatamka tena, bila kuulizwa, akinieleza nani alipenda nini.

Baridi iliyofuata ilinikuta bila kitanda. Ilinipiga mwezi wa sita, kifua na mgongo pamoja, pumzi ikawa fupi. Walinipeleka hospitali kuu ya serikali, na huko nilipata nafasi sakafuni, katikati ya vitanda viwili. Damu yangu ilikuwa imeisha kabisa. Wakasema familia itoe. Yama alipimwa, kundi la damu likakataa. Mama naye damu ilikuwa chache. Mama Ngalula akakunja mkono wa gauni.

"Kamata yangu."

Yama akamwambia: "Utaweza? Unaogopa hata sindano ya meno."

"Nyamaza, mwanaume ya karte." Akalala, akafunga macho, akageuza uso ukutani.

Nilipopata nguvu ya kufumbua macho, alikuwa amekaa kando yangu anakunywa soda, anajisikia mkubwa. "Sasa damu yangu iko ndani yako," akasema. "Nani atasema hauko mutoto yangu? Andika ile ku kitabu ya Dokta. Na utaona, ukitoka hapa utaanza kubisha bei sawa Mukasai."

Alisema kweli. Nilipotoka, sikuwa na kadi wala posho, na kazi ya kusimama sikuweza. Kazi ya kukaa niliweza. Mama aliporudi ziwani, akimwacha Mwansa kwangu kwa ajili ya Alhamisi, alianza kunitumia samaki kwa malori yaleyale, na madereva walikwisha nijua. Nilikaa nyuma ya meza, mguu juu ya kigoda, nikabisha bei. Hakuna mtu aliyenipa mtaji. Hakuna mtu aliyenifundisha hesabu. Mgonjwa wa SS asiyejua kusoma vizuri aliwashinda wenye diploma waliokuwa wanangoja mishahara.

Daftari nalo lilianza kusema kama alivyoahidi mwenyewe. Daktari alipanga kurasa zetu kwa miezi, akaona tunavyoanguka wengi kila baridi inapoingia. Tangu hapo alituita wote kabla ya mwezi wa sita, akatukagua, akatusisitiza maji na nguo nzito. Aliona pia familia zilizozika wadogo kabla ya kujua ugonjwa, akawatuma wauguzi nyumbani kuwatafuta waliobaki. Watoto wengi wa kambi ile walipatikana hivyo. Wengine hawakupatikana, kwa sababu wazazi walificha, kama mnavyoficha ninyi sasa.

Baadaye bei ya shaba ilianguka, dawa zikaisha kwenye makabati, Daktari Ilunga akaondoka nchini. Daftari sijui liliishia wapi. Linaniuma, siwezi kudanganya. Lakini wale alioandika walikwisha jua wana nini, na hilo halikuondoka naye.

Kwa hiyo wewe unayengoja mlangoni pa hospitali ukiwaza kama utaje au usitaje: taja. Taja aliyekuzaa na anayekulea, wote wawili, waambie kila mmoja ni nani. Taja waliokufa. Kama kuna gharama, utailipa. Mimi nililipa, na nipo.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Katuba, vyumba vitano, viwili nimepangisha. Nina meza tatu za samaki sokoni na wanawake wawili wanaoniuzia. Nina friji mbili kubwa, moja ni mbovu. Nina kiwanja upande wa Luano, kina ukuta, nyumba bado. Nina mtoto mmoja niliyemzaa kwa kupasuliwa, na wawili niliowalea. Nina nyonga moja nzima na fimbo moja. Nina kovu la kidonda kwenye mguu wa kushoto, limefunga. Na nina mdogo wangu Mwansa, anauza sabuni na mafuta ya kupikia Mokambo, mpakani, amepita miaka hamsini, ana mdomo mchafu, na baridi hii bado haijamwangusha.